Mkojo Wangu, Kikopo Chake

Walituambia wanatafuta bangi. Naanzia hapo kwa sababu hapo ndipo walipotudanganya, na nikianza kwa upole nitaishia kuwatetea.

Nilikuwa kibarua katika kiwanda cha mbegu za mahindi nje ya Kitale, upande wa Endebess. Sisi wanawake tulichambua. Unakaa kwenye meza ndefu, mahindi yanapita mbele yako, unatoa yaliyovunjika na yaliyooza. Yakitoka kwetu yanapakwa dawa ya kuua wadudu, dawa ya rangi ya waridi, halafu yanaturudia tuyafunge kwenye mifuko. Glavu zilitolewa siku ya wageni tu. Jioni tulirudi mtaani kwetu Matisi na viganja vya waridi, na mimi nilikuwa na mtoto anayenyonya. Nilisugua mikono kwa majivu mpaka ngozi ikawaka kabla sijamshika.

Halafu mashine ikamkata vidole mwanamume mmoja wa stoo. Mashine ile haikuwa na kifuniko, na kila mtu alijua, hata paka wa kiwanda alikuwa akipita mbali nayo. Lakini meneja alisimama mbele yetu akasema yule mtu alikuwa amevuta bangi, na kwamba kuanzia sasa kila mfanyakazi atapimwa mkojo, mkubwa kwa mdogo. Wakubwa sikuwaona kwenye foleni. Labda wao walikojolea nyumbani.

Aliyekaa kando yangu mezani alikuwa pia jirani yangu wa ukuta kwenye ploti ya vyumba vya kupanga. Mimi niliitwa Mama Fulani kwa jina la mtoto wangu, kama kila mwanamke pale. Yeye hakuwa na mtoto, kwa hivyo aliitwa Biarusi, ingawa arusi yenyewe ilikuwa imezeeka. Mama mkwe wake ndiye aliyeanzisha jina hilo. Alikuwa ametoka kijijini Bungoma akahamia kwao, na kila asubuhi tulimsikia: "Biarusi, chai iko wapi? Ama na chai pia imekataa kushika?"

Watu walicheka. Hata Biarusi mwenyewe alicheka, maana angefanya nini?

Mama mkwe hakuficha kwamba alitaka mwanawe aoe mwingine. Kilichomzuia ni mshahara wa Biarusi, uliolipa nyumba na dawa za presha za mama huyo huyo. "Nikikosa hii kazi," mwenzangu aliniambia, "mimi ni mzigo wa kurudishwa kwetu tu."

Sasa, ule ulikuwa mwaka wa tohara. Agosti alikwenda kwao kwa sababu mtoto wa kaka yake alikuwa anaingia jandoni, na yeye ndiye senge, dada wa baba. Kwetu senge hakai pembeni kama mgeni. Mtungi wa busaa, pombe yetu ya nafaka, unawekwa, wewe unapewa mrija mbele ya watu, na ukikataa ni kama umemlaani mtoto kabla ya kisu. Akanywa. Akarudi Kitale sauti imekauka kwa kuimba, akakuta habari ya vikopo.

Alinijia nikimwosha mtoto.

"Busaa inakaa kwa mwili siku ngapi?"

"Mimi ni daktari?"

"Si ulisoma mpaka fomu foo?"

"Biolojia ya fomu foo haikuwa na busaa."

Alicheka, halafu cheko likageuka kilio. "Wewe ni mlokole, bana. Mkojo wako ni maji ya ubatizo. Nigawie."

Leo najua kipimo chao hakikuwa na habari na busaa. Wakati ule hakuna aliyetuambia kinaangalia nini na hakiangalii nini. Nesi wa kiwanda aliyetupima angefungua mdomo aseme sentensi moja tu, na hakuna lolote kati ya haya lingetokea. Lakini sisi tulikuwa watu wa kukojoa, si watu wa kuelezwa.

Nikamgawia. Asubuhi nilikojoa katika chupa ya glisirini aliyoiosha kwa maji moto, akaifunga kifuani ndani ya leso ili isipoe, kwa sababu tulisikia mkojo baridi unajulikana. Chooni askari wa kike alisimama mlangoni. Biarusi aliingia na kikopo kitupu akatoka na kilichojaa, uso mkavu kabisa. Mimi nilitoa changu kwa njia ya kawaida.

Mchana tukaitwa ofisini, sisi wawili pamoja. Nikajua wametugundua.

"Hongereni," meneja akasema.

Nesi alikuwa kando yake, anachezea kalamu.

"Kwa upande wa madawa ya kulevya mko safi. Lakini nyinyi wawili ni wajawazito. Kiwanda hakiwezi kuweka mama mjamzito karibu na dawa ya mbegu. Ni kwa usalama wenu. Mtamaliza leo."

Kwa hivyo hawakuwa wanatafuta bangi peke yake. Wanawake walikuwa wanatafutwa kitu kingine ndani ya kikopo hicho hicho, na hakuna aliyeona haja ya kutuuliza.

"Na mtoto wangu anayenyonya," nikasema, "yeye dawa ya mbegu haimdhuru? Mbona hamkunifukuza kwa ajili yake?"

Meneja akamwangalia nesi. Nesi akaangalia kalamu.

Hapo ndipo akili yangu ilifika. Vikopo viwili, mwanamke mmoja. Mimba moja. Yangu. Tangu nijifungue sikuwa nimeona siku zangu, nikadhani ni kunyonyesha. Na kwetu mwanamke akishika mimba nyingine mtoto akiwa bado titini, watu husema amemharibu yule wa kwanza.

Nikamtazama mwenzangu. Akisema mimba si yake, amekubali kwamba alileta mkojo wa mtu. Akinyamaza, ana mimba.

"Asante," akamwambia meneja.

Wanaume wa stoo waliopatikana na bangi yenyewe walipewa onyo. Wiki iliyofuata walikuwa kazini.

Nyapara wetu mwanamke aliishi nasi Matisi, na mdomo wake ulikuwa na magurudumu. Tulipofika kwenye ploti tulikuta vigelegele. "Biarusi amejibiwa!" Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, ameshika shingo ya kuku.

"Karibu, mama," akamwambia.

Mama. Mara ya kwanza.

Nilikaa nao wakila. Mama mkwe alichukua firigisi, ambayo kwetu ni ya mwenye boma na hakuna mwingine anayeigusa, akamwekea mkwe wake kwenye sahani. Mume akatikisa kichwa kukubali. Biarusi akaila polepole, macho yake yakiwa kwangu juu ya sahani.

Kesho yake nilimbana kwenye kamba ya nguo. "Mbona hukusema?"

"Wewe umewahi kuitwa mama na mtu aliyekuwa anakutemea mate?"

Na mimi nilikuwa na yangu ya kumeza: mtoto titini, mwingine tumboni, kazi hakuna, na baba yao akisema nilijua nikamficha.

Mwezi ulipofika mwili wa Biarusi ulifanya kama kawaida yake. Mama mkwe akaona vitambaa vilivyoanikwa. Kwanza alilaani kiwanda, ati sumu yao imeua mjukuu wake, na kwa muda mfupi mimi na yeye tulikuwa upande mmoja. Lakini tumbo langu lilianza kujitokeza. Aliliangalia, akaangalia la mkwe wake, akapiga hesabu yake ya kishenzi. Jumapili, watu wakitoka kanisani, akanisimamia mlangoni pangu.

"Mchawi! Mlienda pamoja na mimba mbili, imebaki yako peke yake. Umemla mtoto wetu! Toka hapa!"

Watu wakajaa. Mtu akaokota jiwe, nikaliona. Matisi watu walikuwa wamewahi kuchomewa nyumba kwa neno hilo moja. Mtoto wangu alikuwa mgongoni.

Biarusi akatoka ndani. Hakukimbia. Alipita katikati ya watu akasimama mbele yangu, mgongo wake karibu uguse tumbo langu.

"Mama, sikuwa na mimba," akasema. "Nilikunywa busaa kwa jando ya mtoto wa kaka, nikaogopa, nikaomba mkojo wake. Ile mimba ilikuwa yake. Mlinichinjia kuku wa mtu mwingine."

Mtu mmoja akacheka. Jiwe likaanguka chini. Na mimi nikajua ameninunua kwa nyumba yake.

Kabla wiki haijaisha walikuwa wamemrudisha kwao, karibu na soko la Ndalu, na masufuria yake ndani ya gunia la kiwanda.

Nilimwendea nilipojifungua. Nilimkuta uani kwa mama yake, anachambua mahindi ya kupanda, vidole vikienda kwa mwendo ule ule wa mezani. Safari hii viganja vilikuwa vya rangi yake mwenyewe. Nikamwekea mtoto mapajani.

Alimfunua uso, akamkagua kama mbegu.

"Huyu," akasema, "nilimlia kuku."

Tulicheka mpaka mama yake akatoka jikoni kutazama. Halafu Biarusi akaacha kucheka, mimi bado naendelea.

"Mimi ndiye niliitwa mama yake kwanza," akasema. "Wewe ulikuwa wa pili, siku ile ya kuku. Usimwambie."

"Nitamwambia," nikasema.