Mwanamume wa Benchi la Chini ya Gurudumu

Tavga alizeekea kazini, akipiga picha za wageni kwenye bustani ya burudani iliyo ubavuni mwa mlima Goyzha, juu ya mji wa Sulaimaniya. Maharusi, watoto waliojipaka peremende mpaka masikioni, askari wa likizo wanaojikaza wasicheke: wote walipita mbele ya kamera yake. Kumpanga mtu akapangika, hilo alilijua vizuri.

Ndipo akaja msimamizi mpya, Diyar, kijana mwenye haraka. Masika yalipoanza akamwita ofisini.

"Dada Tavga, nataka picha za mandhari, za bango la langoni. Mlima, gurudumu, maua. Watu sitaki."

"Watu hutaki?"

"Hata mmoja."

"Sasa nitampiga nani?"

Diyar akacheka, akidhani anataniwa. Wala hakutaniwa.

Mchana ule Tavga alizunguka bustani nzima asijue pa kuelekeza kamera. Gurudumu kubwa, lile linalowapandisha watu juu ya misonobari wakapiga mayowe, likatoka kama tairi la baiskeli. Mlima haukuonekana kabisa, weupe mtupu. Diyar alizitazama picha akaguna.

"Zimelala hizi, dada. Zipe uhai."

"Uhai bila watu?"

"Ehee, hapo hapo."

Akatoka kachanganyikiwa zaidi ya alivyoingia. Pale langoni Nazenin, muuza tiketi, alimwona uso ulivyomshuka.

"Shoga, unapiga jua likiwa utosini, unategemea nini? Ngoja liiname. Ngoja na mvua ioshe hili vumbi. Halafu usisimame wima katikati ya njia kama trafiki. Chuchumaa! Weka ua au tawi karibu yako, ndipo mlima uonekane uko mbali."

"Magoti yangu haya?"

"Basi lala chini. Utadhaniwa umezimia, watakuletea maji."

Mvua ikanyesha. Ilipokatika alasiri, Tavga alichuchumaa nyuma ya maua ya nergizi, magoti yakilia, akapiga. Diyar alipoiona picha kwenye kompyuta aliruka kitini.

"Hii ndiyo!"

"Lakini ina mtu," Tavga akasema. Kweli, chini ya gurudumu palikuwa na benchi, na mtu amekaa.

"Huyo hana neno. Bila yeye nani atajua gurudumu ni kubwa?"

Tavga hakuelewa. Si alikataa watu? Diyar akaikuza picha, na hapo Tavga akasahau habari ya bango. Mshipi wa kitambaa cha maua kiunoni mwa mtu yule, Tavga mwenyewe ndiye aliyemfunga asubuhi. Aliyekaa pale alikuwa mumewe, Rizgar, ambaye kila alasiri huaga anakwenda mkahawani kucheza domino. Tena alikuwa ameelekea kamera, macho wazi, na hakumpungia hata mkono.

Jioni akammiminia chai.

"Domino zilikuwaje leo, Baba Avin?"

"Nimewafunga wote," Rizgar akajibu.

Tavga hakulala vizuri. Ana mwanamke? Mwanamke gani wa kukutana naye mahali mkewe anapofanya kazi? Amekasirika? Kwa lipi? Kila alilofikiri lilimrudisha palepale.

Kesho yake alasiri akaenda moja kwa moja kwenye lile benchi, akasimama mbele yake, mikono kiunoni. Rizgar akainua uso, akatabasamu kwa adabu.

"Karibu, dada. Kaa tu, nafasi ipo."

Tavga akamwinamia usoni.

"Rizgar. Ni mimi."

Tabasamu likamtoka Rizgar kidogo kidogo.

"Vidoti vya domino sivioni tena," akasema. "Wenzangu wakadhani nawaibia, wakanicheka. Nikaacha kwenda. Hapa kuna kitu kikubwa cha kutazama. Nalo hilo gurudumu siku hizi linayeyuka."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenifanya mgonjwa. Nilitaka kukaa karibu na wewe bila kuuguzwa."

Tavga hakujua alie au amgombeze. Akamgombeza, kwa sauti, mpaka watu waliokuwa foleni wakageuka. Kisha akamshika mkono wakateremka pamoja.

Daktari alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na hutibika. Akapasua kwanza jicho la kulia. Siku bandeji ilipotolewa, walipofika nyumbani Rizgar alimtazama mkewe muda mrefu, kama mtu anayesoma barua ya kwao.

"Umezeeka, Mama Avin," akasema, machozi yakimtiririka.

Tavga alisimama na birika mkononi. Hakujua kama ametukanwa au amesifiwa. Akamsogezea chai, akaiongezea sukari.