Ukuta wa Kupinda katika Chumba cha Kumi kwa Kumi

Nyumba yetu ya Mbagala aliijenga mume wangu kwa mikono yake, na kila chumba alikipa futi kumi kwa kumi, na kwenda juu kumi. Alikuwa mwashi. Akimaliza chumba alikuwaga anasimama mlangoni, anafumba jicho moja, anaitazama kona, halafu ananiita na mie nije niitazame. Mie nilikuwa naona kona tu. Lakini nilisema, "Hapo umemaliza kazi," maana chakula kilikuwa kinapoa.

Wapangaji waliopita kwenye kile chumba cha uani nawakumbuka wote kwa majina, na majina ya watoto wao, na ya wanawake waliokuja kuwaulizia. Hapa sitamtaja hata mmoja, wengine bado tunasalimiana. Ninachosema ni kwamba katika wote hao hakuna aliyewahi kulalamika kuwa chumba kimelingana mno. Malalamiko hayo alikuja nayo mjukuu wangu.

Huyu ni binti mtu mzima, kasomea mambo ya sauti chuoni, na alihamia kwangu babu yake alipofariki. Nyumba ina vyumba sita, na tulikuwa wawili tu. Siku moja akaingia chumba cha uani, kitupu, akapiga kofi moja. Ukuta ukamrudishia mlio mwembamba kama wa sufuria. Akapiga tena. Nikadhani anaua mbu.

"Bibi, nataka kukifanya hiki studio ya kurekodia," akasema. "Lakini kinaumwa."

"Kinaumwa nini? Si nimekipiga rangi juzi tu?"

"Kimelingana. Kumi, kumi, kumi. Sauti inagonga ukuta huu inarudi, inagonga ule inarudi, inagonga dari inarudi, zote mwendo uleule. Basi besi moja inavimba, inazifunika sauti nyingine. Kwa kurekodi hakuna chumba kibaya kama boksi."

"Aliyejenga ni mumeo," nikamwambia. "Kamuulize mwenyewe."

Kwetu mjukuu wa kike na bibi yake ni wake wenza, utani wetu ndio huo. Akajibu hapo hapo, "Mume wako wewe. Mie naolewa nimekuta nyumba ishaharibiwa."

Nilicheka, lakini iliniuma kidogo. Mtu anakesha na kamba na timazi miaka yote ile apate pembe kamili, halafu anakuja mtoto wa juzi anasema pembe kamili ndiyo ugonjwa.

Akachora kwenye daftari. Ukuta wa nyuma ubomolewe, chumba kiimeze stoo iliyo nyuma yake. Upana ubaki futi kumi. Urefu upande wa mlango uwe kumi na tatu, upande wa pili kumi na mbili, ili ukuta mpya ukae mshazari na sauti isipate pa kurudia. Dari ishuke hadi nane na nusu. Dirisha lizibwe kwa tofali, maana jirani yetu ana spika ya muziki wa singeli kubwa kuliko kabati langu.

Jirani mwenyewe alivyosikia studio akatuletea trei za mayai rundo zima. "Mnazigongelea ukutani kote, sauti haitoki hata chembe." Mjukuu wangu akamshukuru vizuri, na alipoondoka akaniambia trei ya mayai inazuia mayai tu.

Halafu akanieleza jambo lenyewe. Kwaya moja ndogo ilikuwa imekubali kuja Jumamosi ya wiki iliyofuata kujaribu chumba. Wakikipenda, watarekodi hapo nyimbo zao zote, na wana wenzao watakaowafuata. Wakikuta kinavuma, basi. Sinza kuna rafiki yake mwenye studio juu ya baa, alishamwambia aje wafanye kazi pamoja, na chumba cha kulala kipo.

"Kwa hiyo utahama," nikasema.

"Nitahama, bibi. Nitafanyaje?"

Nikamwambia Sinza pazuri, watu wengi. Sikumwambia kwamba mtu mmoja na vyumba sita ni mzigo. Mambo mengine mzee hayasemi, anaulizia tu kama umekula.

Fundi tuliyemwita alijifunza kazi kwa mume wangu tangu enzi anabeba zege. Akaniamkia, akausikiliza mchoro hadi mwisho.

"Futi kumi na tatu," akasema.

"Huku. Kule kumi na mbili," mjukuu wangu akamwambia.

"Sawa sawa. Kumi na tatu."

Siku ya pili binti katoka kwenda kufuata nyaya Kariakoo. Fundi akaja jikoni kwangu na kamba mkononi, uso wa mtu aliyefiwa. "Shikamoo mama. Ule ukuta, dada anataka uende upande. Mie nimefundishwa na marehemu mwenyewe. Futi tatu huku, nne huku, kamba ya kukatiza ikisoma tano, pembe imekaa. Leo niikoseshe makusudi? Watu wakiuona watauliza nani kajenga."

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. Nilimkumbuka yule bwana amesimama mlangoni na jicho lake moja, nikasema, "Nyoosha, mwanangu. Yule mtoto tu, atakuja kushukuru."

Akanyoosha. Sijapata kuona mtu anajenga kwa furaha vile.

Jioni mjukuu wangu karudi, ukuta uko kifuani. Akachukua futi ya chuma, akapima huku, akapima kule. Kumi na tatu, kumi na tatu.

"Fundi, huku si nilisema kumi na mbili?"

"Ulikosea kwenye mchoro, dada," fundi akajibu bila kunitazama. "Nikakurekebishia. Wala sikutozi."

"Sikukosea! Nataka upinde!"

"Ukuta haupindi, dada. Unaopinda unaanguka."

Binti akakaa kwenye mfuko wa saruji. Hakugomba. Akatoa simu, akasema polepole, "Siku hazitoshi kubomoa na kujenga upya. Ngoja nimpigie yule wa Sinza nimwambie naja."

Fundi alikuwa ananisitiri, na angenisitiri hadi mwisho, ndivyo alivyolelewa. Mie ndiye niliyeshindwa.

"Weka simu," nikasema. "Hakukosea fundi. Mie ndiye niliyemwambia anyooshe."

Akaniangalia. "Kwa nini, bibi?"

"Kwa ajili ya mumeo."

Nilitegemea utani, hakunipa. Nikamgeukia fundi nikamwambia abomoe kabla saruji haijashika. Kesho yake nilifunga kanga kiunoni, nikashika ncha moja ya kamba mwenyewe, kwa sababu mkono wa fundi ulikuwa umezoea kunyoosha. Kila nikitupa jicho pembeni, kamba yake inarudi kwenye pembe kamili.

"Pinda," namwambia.

"Mama, naona aibu."

"Pinda. Kidogo tena. Hapo hapo."

"Marehemu akifufuka atanikimbiza na mwiko."

"Akifufuka ataanza na mie."

Ukuta ukasimama, wima kwenda juu, upande kwenda mbele. Magodoro yangu mawili ya zamani nikayafumua, sufi nikaishonea kwenye fremu za mbao na kitambaa cha gunia, unene wa shubiri moja, tukazisimamisha kwenye kona zote. Mjukuu wangu akapiga kofi. Likafa hapo hapo.

Jumamosi kwaya ikaja, watu wanne. Kiongozi wao akauangalia ukuta, akaniuliza kwa huruma kama fundi wetu alikuwa anaumwa. Nikamwambia ndiyo mtindo. Wakaimba, wakajisikiliza kwenye spika, wakaomba wasikilize tena. Kabla hawajafika barabarani binti alishampigia rafiki yake wa Sinza kumwambia asimsubiri.

Kwa hiyo yupo. Anayeniuliza namwambia naishi na mjukuu wangu. Ila anaingia mle asubuhi, anafunga mlango mzito kama wa stoo ya barafu, na mie sisikii chochote. Nikigonga hasikii. Nikimpigia simu anaikata. Juzi nikamlalamikia: nimehangaika ubaki ili nisikie mtu ndani ya nyumba, na simsikii mtu.

Akachukua kiti changu cha jikoni, akakiingiza ndani, akakiweka kona ya mwisho, penye zile futi kumi na mbili. "Kaa hapa, mke mwenzangu. Mwili wa mtu nao unameza sauti. Ila usikohoe."

Feni huzimwa kwa sababu inalia, na dirisha halipo. Siku hiyo alikuwa anarekodi tangazo la mabati kwa sauti yake, mara ya kumi na moja. Jasho lilinishuka mgongoni hadi kwenye kiti, koo likaniwasha, nikakizuia kikohozi kwa kanga mdomoni hadi akamaliza.