Figo Iliyobaki Nyongani

Mama anayepiga picha za ultrasound za wajawazito pale Chang'ombe hampaki mtu jeli tumboni kabla hajaipasha joto viganjani mwake, akiisugua polepole kama anayekumbuka jambo la zamani. Restuta, aliyetoka Haneti alfajiri, alilala akimtazama. Mkono wa kulia wa yule mama ulitembeza kifaa tumboni. Wa kushoto ulitulia juu ya koti lake jeupe, chini ya kitovu, palepale ulipokuwa hata siku Restuta alipokuja kwa mara ya kwanza. Feni ilizunguka bila haraka. Kwenye kioo cha mashine mtoto alielea katika ukungu wa kijivu, na yule mama akawa anamsemesha kwa sauti ya kubembeleza usingizi. "Moyo huu, mzuri. Figo ya kulia, nimeiona. Ya kushoto... uko wapi, mwenzetu?"

Kifaa kikasimama. Restuta akainua kichwa. "Haipo, daktari?"

"Tulia, mwanangu." Kifaa kikateremka taratibu, kikapita kiuno cha mtoto, kikaishia nyongani. "Hii hapa. Figo za kila mtu huanzia huku chini, mtoto akiwa kama punje ya karanga, kisha hupanda zenyewe mpaka mgongoni. Hii haikupanda. Imebaki ilikoanzia."

"Sasa ataishi nayo hivyo?"

Yule mama aliushika mkono wa Restuta, akauvuta, akauweka juu ya koti lake, chini ya kitovu, mahali palipozoea kiganja chake mwenyewe.

"Yangu iko hapo," alisema. "Nimezeeka nayo."