Mboga Iliyojimea

Wakonyo alipofukuzwa na mume wake kule Timau, alirudi kwao Wamagana na binti yake Ngendo, mzigo wa nguo, na vitawi vichache vya mboga ya maji ndani ya sufuria. Mboga hiyo, majani madogo ya mviringo yanayowasha ulimi, aliizoea vijitoni kwenye mashamba ya wazungu. Kaka yake Mutahi alimwonyesha kinamasi chini ya shamba lake la kahawa.

"Lima hapo. Hata ng'ombe hapataki."

Akapalima, akapanda vitawi vyake, na pakawa mahali pake pekee duniani. Lakini mwaka wa 1994 mboga ilinenepa hadi ikaingia kwenye mtaro wa maji wa kijiji na kuuziba. Wazee wa kamati ya maji wakashuka na mapanga.

"Nani amepanda hii takataka?" mwenyekiti wao akauliza.

Kwa kawaida aliyeziba mtaro alifungiwa maji. Wakonyo akajibu upesi, "Hakuna aliyepanda, mzee. Imejimea tu, kama magugu mengine."

Mutahi, aliyekuwa akipalilia kahawa, alisikia.

Msimu uliofuata hoteli moja ya Nyeri ilianza kuitafuta mboga ile. Asubuhi moja Wakonyo akamkuta Wangechi, mke wa Mutahi, majini, akijaza kikapu.

"Wangechi, hiyo ni yangu."

"Yako tangu lini, Mama Ngendo? Si uliambia wazee imejimea?"

Wakonyo akapanda kwa kaka yake. Mutahi alikuwa akikamua ng'ombe, hakuinua kichwa.

"Kitu ikijimea kwa shamba, ni ya mwenye shamba. Na wewe shamba yako iko kwa bwana yako."

"Bwana aliyenifukuza."

"Hiyo uliza yeye."

Alipomwendea mwenyekiti, naye alimcheka. "Mama, nilikusikia na haya masikio. Ulinidanganya siku ile, ama ni leo?"

Wakonyo akachukua jembe, akashuka, akang'oa kila shina na kulitupa ukingoni, matope hadi mapajani. Wangechi alimtazama kutoka kwenye kahawa.

"Ng'oa, Mama Ngendo. Hata sisi tulikuwa tunataka mtu wa kupalilia."

Vipande vilivyokatikia majini vikanasa kwenye tope, vikatoa mizizi. Kabla ya kahawa kuiva, kinamasi kilikuwa kijani kuliko mwanzo. Sasa Wangechi hupita mlangoni kwa Wakonyo na kikapu kimejaa, humsalimia kwa heshima, na Wakonyo, kwa kuwa analala kwa watu, huitikia.