Msansa wa Mama Bujiku

Scolastika alishuka Katoro na gunia kichwani na hasira kifuani. Gunia lilikuwa la msansa: majani ya kunde aliyoyachuma masika kule Runzewe, akayachemsha na kuyaanika juani, maana kiangazi hakina mboga. Alikuwa amesikia kwamba mkwewe Aneth, mwenye mimba ya miezi sita, amepimwa kliniki na damu ni nane tu. Nesi alimpa vidonge, akamwambia ale mboga za majani kila siku. Na mwanawe Bujiku, mchimbaji aliyepata dhahabu majuzi, alifanya nini? Alimletea mkewe kreti la soda nyekundu!

"Shikamoo mama. Hilo gunia la nini tena?"

"Marahaba. La damu ya mke wako."

"Mke wangu hali majani kama mbuzi, mama. Watu watasema nimefulia. Soda hii inaongeza damu, machimboni kila mtu anajua."

"Kwa sababu ni nyekundu? Basi mnyweshe na rangi ya kucha!"

Akaloweka msansa, akaupika kwa karanga. Aneth alikula na ugali mpaka akalamba vidole. Siku ya tatu Bujiku aliingia na mwenzake Mwita, akaiona sufuria mekoni, aibu ikamshika, akaimwaga uani.

Scolastika hakuwahi kumfokea mwanamume mbele ya wageni. Siku hiyo alifoka.

"Baba yako alipokufa ulikuwa na miaka minne. Nyama ilitoka wapi? Mikono hiyo inayopasua mawe ilijengwa na msansa, leo unaumwagia kuku? Mkeo akiishiwa damu leba, utamtundikia dripu ya soda?"

Bujiku akairudisha sufuria mekoni.

"Mura," Mwita akamwita rafiki yake taratibu kwa Kikurya chake, "mama yangu angekuwa ameshanivunjia mwiko mgongoni."

Tangu hapo hakuna aliyegusa sufuria ya Scolastika. Aneth alimeza vidonge vyake na kula msansa kila siku. Baada ya mwezi mmoja na nusu walikwenda kliniki wote watatu. Damu ilikuwa kumi na moja.

"Hongera. Umekula nini?" nesi akauliza.

"Tumemlisha vizuri," Bujiku akadakia, kifua mbele.

"Tumemlisha, wewe na nani?" Scolastika akamkata. "Taja ulichotaka kumnyima."

Bujiku akawaangalia wanaume waliokaa kwenye benchi. "Msansa," akanong'ona.

"Hawajasikia."

"Msansa!"