Tulivyomuulizia Mskoti

Baba yangu alikuwa hamuamini mtu. Nasema hivi kwa mapenzi, na kwa sababu mimi mwenyewe nimemrithi. Sijapata kununua samaki Sidab, hapa Maskati, bila kumfunua mashavu, na muuzaji akianza kuniapia ndipo namrudishia samaki wake. Kwa hiyo mdogo wangu wa kiume alipotuambia, Ijumaa moja mwishoni mwa miaka ya tisini, kwamba kocha wao mpya, Mskoti, anataka kumpeleka Uskoti akafanyiwe majaribio katika timu ya kulipwa, baba alirudisha tonge sahanini.

"Mtu wa nani huyo?" aliuliza.

Ndilo swali letu hilo. Kwetu sisi wa Unguja, tuliokuja nalo mpaka Maskati, mtu akija kuposa hajibiwi siku ile. Anapewa kahawa, anaagwa vizuri, halafu wazee wanatoka kumuulizia: anasali wapi, anakaa na nani, mke wa mwanzo walikosana nini. Mposaji anajua kwamba anauliziwa na hanuni. Baba akaamua Mskoti naye auliziwe vivyo hivyo, maana anataka kuchukua mtoto wa watu.

"Binti nnayemuoza anakwenda Ruwi hapa tu, na nnaulizia mwezi mzima," alisema. "Huyu anapelekwa mwisho wa dunia, kisha nnyamaze?"

Mdogo wangu alikuwa winga wa kushoto, asubuhi yuko kazini bandarini, jioni uwanjani. Mvivu wa kufua nguo zake mwenyewe, lakini mpira akiujua. Mkubwa wake wa kazi alishakubali kumpa likizo ya msimu mmoja. Iliyobaki ilikuwa rukhsa ya baba, na bila rukhsa ya baba asingekwenda hata Nizwa. Alikuwa halali vizuri, akimuona baba anapita ananyanyuka.

Basi tukaulizia. Mwenye duka chini ya nyumba aliyopanga Mskoti, kule Qurum, alisema bwana yule hana mke, hana wageni, na kila siku hununua barafu. Barafu ya nini, kwa mtu asiye na wageni? Jamaa yetu anayekaa karibu naye akasema kila alfajiri humuona ufukweni, anaingia baharini mpaka mapajani, anasimama. Haogelei. Anasimama tu.

"Mtu anasimama baharini afanye nini?" baba aliuliza, na kila mmoja wetu akafikiri baya lake.

Mdogo wangu mwenyewe, alipobanwa, alikiri kwamba hajawahi kumuona kocha akipiga mpira. Hupuliza filimbi, huonyesha kwa mkono, basi. Hapo nikatoa fatwa yangu: huyu hajacheza mpira maisha yake yote.

Baba akamwita chakula cha mchana. Tulikuwa tumehamia Amerat karibuni, nyumba bado inanuka rangi. Mskoti akaja, mrefu, shingo nyekundu, akakaa kwenye zulia na mguu mmoja kaunyoosha mbele za watu. Baba akaniangalia. Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiingereza, kwa hiyo kazi ya ukalimani ikanifikia bila kuombwa.

"Mkaribishe. Kisha muulize yeye Mwingereza wa sehemu gani."

Akajibu kwamba yeye si Mwingereza.

"Lugha yake?"

Kiingereza.

"Na pasi yake?"

Ya Kiingereza.

"Anakana kwao huyu," baba alisema, huku anatabasamu ili mgeni asitambue. Na mimi nikatabasamu. Sisi, ambao kila ofisi tunayoingia tukifungua mdomo huulizwa ni wa wapi khasa, ndio tuliomshuku kwa hilo!

Kisha akaelezea maisha yake, pole pole, akinisubiri nitafsiri. Alizaliwa katika mji wa machimbo ya makaa ya mawe. Alipokuwa na miaka kumi na sita alikuja bwana mmoja mwenye gari, akamtazama akicheza, akamchukua. Akawa beki wa kati. Timu ya kwanza ilimuuza kwa ya pili, ya pili ikamuazima kwa ya tatu, na hivyo hivyo mpaka akafika ya saba, ndogo kabisa, wachezaji wanafua jezi zao wenyewe. Goti likapasuliwa, likapasuliwa tena. Akaendesha gari la mikate. Halafu akaanza kufundisha watoto, na kufundisha kukamleta Maskati.

Baba alikuwa ameshakwama kwenye hesabu.

"Timu saba?"

"Saba."

Niwaeleze. Baba ujanani alicheza Unguja, timu moja tu, ya mtaani kwao. Kwao mtu hahami timu. Timu ndiyo inayokuja kwenye arusi yako na ndiyo inayokuzika. Kulikuwa na mwenzao mmoja aliyehamia timu ya mtaa wa pili, na mpaka uzeeni, hapa Maskati, wakimtaja walikuwa wakishusha sauti. Kwa baba, mtu wa timu saba ni mtu aliyeachwa mara sita.

"Muulize alifanya nini hata wote wakamchoka."

Mskoti akasema hawakumchoka, walimuuza.

"Na ile ya tatu?"

Hiyo haikumnunua, akasema, iliazimwa tu. Yaani yeye aliazimwa.

"Mtu mzima anaazimwa?"

Nilipotafsiri, Mskoti alicheka. Kisha akaacha kucheka. Akasema hilo hakuna aliyepata kumuuliza.

"Na yule mwenye gari," baba aliendelea, "mzee wake alimuulizia?"

Hapo Mskoti akatazama kikombe chake. Akasema baba yake hakumuuliza yule bwana hata jina. Alimfungulia mlango, akambebea mwanawe begi mpaka garini.

Niliingiwa na huruma, na papo hapo nikajikasirikia, kwa sababu waongo wanajua sana kutia watu huruma. Nikamfuata baba jikoni, nikamwambia asimuamini.

"Mimi mama yangu nilimwambia nnakwenda Maskati, nnarudi kabla ya mfungo," baba alinijibu. "Sikumdanganya. Ndivyo nilivyodhani. Hakuniona tena."

Nilikuwa sijapata kumsikia akilisema hilo. Nikapanga vikombe kwenye sinia.

Tuliporudi, akatoa hukumu. "Mwambie kijana atakwenda. Lakini mwanangu akiwa kwao, yeye awe kwangu. Kila Ijumaa aje ale hapa, nimuone kwa macho yangu, mpaka mtoto arudi."

Nilitafsiri kwa haya. Ilikuwa ni kumuweka mtu rehani kwa pilau. Mskoti hakushangaa hata kidogo. Alinyoosha mkono, wakashikana.

Mdogo wangu akaondoka. Mskoti akawa anakuja kila Ijumaa, anakula kwa mkono, vibaya, wali mpaka kifuani. Mama ndiye aliyetangulia kuona kwamba ule mguu haukunjiki. Akamletea mto wa kuuegemeza, na tangu siku hiyo barafu na bahari vikajieleza vyenyewe. Mimi sikuridhika. Goti bovu halimfanyi mtu kuwa mkweli.

Katikati ya msimu timu ya hapa ikafungwa mfululizo na Mskoti akafukuzwa. Kocha aliyefukuzwa huondoka. Huyu hakuondoka. Akaanza kufundisha watoto wa wageni katika klabu moja Qurum, kazi isiyokuwa na maana kwa mtu kama yeye, na Ijumaa akawa anakuja kama kawaida.

"Amekimbia kitu kwao," nilisema.

"Anangojea kitu," alisema baba.

Kila wiki nilitumwa kumuuliza ataondoka lini. Kila wiki alijibu: bado.

Msimu ulipokwisha, mdogo wangu akapiga simu. Hawakumsajili. Anarudi Ijumaa. Tulipofika uwanja wa ndege wa Seeb tukamkuta Mskoti kasimama na sanduku lake. Nikasema moyoni, ndiyo hiyo, mtoto kamharibikia, sasa anatoroka.

Mdogo wangu akatoka, amekonda, amebeba koti zito katika lile joto. Mskoti akamshika shingo kwa nyuma, akamtikisa kidogo. Kisha akamgeukia baba, akasema neno moja fupi, nikalitafsiri: "Huyu hapa." Akavuta sanduku kuelekea upande wa wanaoondoka, na mguu wake ule. Baba alimuitikia kwa kichwa tu. Tukachukua mtu wetu tukaenda zetu.

Ndani ya gari mdogo wangu akauliza, "Hamkumwambia hata ahsante?"

"Ya nini?" nilisema.

"Timu ya Kuweiti ilimtaka tangu siku ile alipofukuzwa hapa. Timu kubwa. Akawaambia hawezi kutoka Maskati mpaka nirudi. Wakachukua mwengine. Aliniapisha nisiwaambie."

"Na sasa anakwenda timu gani?" baba aliuliza.

"Hana timu. Anakwenda kwao."

 Tulipokaribia mzunguko baba akanigusa bega.

"Leo Ijumaa," alisema. "Hajala. Geuza gari."

Tulipofika, Mskoti alikuwa ameshavuka kwenye ukaguzi wa pasi. Tulimuona kupitia kioo, kakaa peke yake, mguu kaunyoosha. Baba akaenda moja kwa moja mlangoni. Askari, kijana mwenye adabu zake, akamzuia: ndani ni wasafiri tu. Baba akasema ana mtu wake ndani, akanyoosha kidole. Askari akaitazama ile shingo nyekundu, akakitazama kilemba cha baba, akauliza kwa Kiarabu yule ni mtu wa nani.

Maisha yake yote baba ndiye aliyekuwa akiliuliza swali hilo. 

"Wangu," alisema. "Mtu wangu yule. Nifungulie."