Jogoo wa Inspekta na Togwa ya Mama Mdogo

Tamthilia ile ilipoanza kurushwa nilikuwa Iringa, na watu wa kwanza kuisifu mbele yangu walikuwa waandishi wenzangu. Jumamosi mchana huwa tunakutana kwenye chumba chenye viti vya plastiki, kila mmoja na mswada wake, tunasomeana. Jumamosi ile hakuna aliyesoma. Walikuwa na habari moja tu, ya inspekta wa polisi anayezunguka na jogoo kwapani na ambaye hamuulizi mtuhumiwa swali lolote mpaka jogoo awike. Akiwika, mtu ana hatia. Asipowika, wanahamia kwa jirani.

"Ile ni kejeli nzito," mshairi mmoja alisema huku akifuta miwani. "Yule jogoo ni dola."

"Yule jogoo ni jogoo," nilimjibu.

Waliniona nina wivu. Labda wangeniacha niiite takataka ile kwa jina lake, lakini mlio wa simu ya mshairi ulikuwa tayari ni yule jogoo, na ukalia katikati ya mazungumzo, na watu wazima wenye vitabu walivyoandika wenyewe wakapiga makofi.

Niliendelea kuitazama kwa sababu moja. Mama mdogo wangu wa Mbeya alikuwemo. Wapiga picha walikuja huko wakitaka milima na ukungu, wakavipata, kisha wakamwona yeye langoni mwa kanisa akiuza togwa, kinywaji chake kitamu cha unga wa mahindi na kimea, kama anavyouza kila Jumapili tangu sijaanza shule. Wakampa nafasi ya mjane anayemuua shemeji yake kwa sumu. Kazi yenyewe ilikuwa achote togwa, ampe shemeji, shemeji anywe, aanguke.

Sasa, kwetu anayekukaribisha kinywaji hunywa yeye kwanza. Huchota kidogo, hunywa unamwona, ndipo anakupa wewe. Hakuna anayefundishwa jambo hili. Mtoto hulikuta nyumbani kama anavyokuta mlango. Mama mdogo huonja mbele ya kila mteja, hata mteja awe padri. Lakini mwandishi wa tamthilia, ambaye nadhani milima yetu ameiona kwenye simu, hakulijua, wala hakuona haja ya kumuuliza mtu. Siku ya kupiga picha mama mdogo aliinua kikombe aonje, mkono ukienda wenyewe, na muongozaji akapiga kelele: "Mama, usinywe! Wewe ndiye muuaji!" Walirudia na kurudia mpaka mkono wake ukakubali.

Nilisafiri kwenda Mbeya ili niitazame sehemu hiyo pamoja naye. Majirani walitaka tuione wote, kwa hiyo tukaenda kwenye kibanda umiza cha mtaani, tukabanana kwenye mabenchi. Jogoo alipowika kwenye runinga, wanaume wa nyuma walimjibu kwa kuwika. Sijawahi kuona watu waliofurahi namna ile kuwa kuku. Kisha akatokea mama mdogo, amevaa kaniki, uso wake ukiwa mzuri kwa namna iliyonishtua, kama mlima unapofunuka ghafla baada ya mvua. Akachota. Akampa shemeji.

"Hajaonja!" sauti ilitoka gizani.

"Gwe! Kweli, hajaonja!"

"Nilijua mimi. Yaangalie macho yale."

Mama mdogo alikuwa amenishika mkono, anacheka. Alidhani anasifiwa.

Jumapili alibeba ndoo yake nyeupe yenye mfuniko hadi langoni, nami nikabeba vikombe. Walitujia wengi kuliko siku yoyote. Walitaka kupiga naye picha. Aliwachotea, akaonja mbele yao, akawapa. Wakashika vikombe karibu na midomo, wakatabasamu kwenye simu, kisha wakasogea hadi kwenye mivinje na kumwaga chini ya mizizi. Mzee wa kanisa, ambaye amekunywa togwa hiyo tangu ana nywele nyeusi, alijishika tumbo. "Ndaga, asante sana, mama. Leo tu tumbo halijakaa sawa."

Mwanamke mmoja, jirani wa ukuta kwa ukuta, alirudisha kikombe. "Onja tena, dada. Ile umeonja juu juu."

Akaonja tena. Alionja asubuhi nzima, mpaka akawa anapumua kwa shida, na ndoo ikarudi nyumbani karibu nzito kama ilivyotoka.

Nisingewadharau kama wangekuwa wajinga. Hawakuamini hata kidogo kwamba jogoo anaweza kumjua mwizi, hilo walilicheka kama watu wenye akili zao. Walichokubali kuamini ni kwamba mwanamke aliyewanywesha watoto wao miaka yote hiyo alikuwa akingoja runinga imfichue. Na mama mdogo hana kazi nyingine. Jumapili iliyofuata alirudi nyumbani na ndoo imejaa vilevile.

Siku hiyo hiyo mchana simu yake iliita. Alikuwa kijana wa tamthilia, kutoka Dar es Salaam. Mama mdogo akaweka sauti ya nje, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na unga.

"Mama yetu! Watazamaji wamekupenda mno. Tunataka mjane atoroke gerezani, aue tena."

Mama mdogo aliitazama ndoo. "Nitakuja. Ila safari hii naonja kwanza."

"Mama, ukionja si utakufa na wewe?"

"Basi nife, mwanangu. Watu wa huku waone nimeonja."

Kijana alicheka sana. Alisema hilo ni wazo kali, atamweleza mwandishi, labda jogoo naye aonje. Akakata simu.

Mama mdogo hakucheka. Alinawa mikono, akafunua ndoo, akachota kidogo, akanywa nikimwona, kisha akanijazia kikombe mpaka juu. Nilikunywa chote. Ilikuwa imeshaanza kuchacha.